Puto la Alfajiri Seronera

Sisi akina mama 14 wa usharika mmoja, tisa kati yetu wauguzi, tulifunga safari mwezi Julai uliopita kwenda Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hatukwenda kwa ajili ya simba, ingawa simba tuliwaona. Tulikwenda kuwatazama watu wanaopaa angani, kwa ajili ya mwenzetu mmoja ambaye hakuwahi kuwaona.

Mwenzetu huyo tulikuwa tukimtania kwa jina la Mwavuli. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Dar es Salaam aliwaona askari wa JWTZ wakishuka kwa miavuli siku ya sherehe ya taifa, na tangu hapo hakuacha kusimulia. Kwenye mkesha wa maombi, kwenye kikao cha vikoba, hata wodini zamu ya usiku, akipata nafasi atakueleza jinsi askari alivyoonekana mdogo kama punje ya ulezi, kisha kitambaa kikafunguka juu yake na umati wote ukapiga kelele. Alisema siku moja naye ataruka. Tulimcheka. Mwanamke wa Kikurya mwenye wajukuu wawili, aruke kwenda wapi? Alitujibu kwamba akikosa mwavuli atapanda puto, maana puto lipo hapa hapa kwetu Serengeti, halina haja ya kufuatwa Ulaya. Alifariki Novemba 2022, hajafanya hata moja kati ya hayo.

Tulitoka Tarime mjini kungali giza, kwa Coaster ya kukodi. Tukapita Nyamwaga na Nyamongo penye mgodi wa dhahabu, tukavuka Mto Mara, tukafika Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, tukiwa tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Hapo tulikunywa chai na kufungua vyakula. Kulikuwa na ugali wa udaga na nyama ya kukausha, na tuliwaonea huruma wale waliokuja na mkate. Kutoka Mugumu tulielekea Robanda, ambako karibu yake kuna ngome ya zamani ya Wajerumani iitwayo Fort Ikoma, halafu tukaingia hifadhini kwa lango la Ikoma. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tumeishi miaka 40 jirani na hifadhi hii tukidhani si mahali petu.

Usiku tulilala katika bweni la hifadhi. Kusema kulala ni kutia chumvi, maana fisi walilia hadi karibu na ukuta, na mama mmoja alitukataza kabisa kufungua mlango, hata kwa haja.

Saa 12 asubuhi, magari yaliporuhusiwa kutembea, tulikuwa tayari tumejifunga vitenge na masweta. Baridi ya Julai ya huko si ya mchezo. Tulisimama kando ya barabara. Mbali kidogo, upande wa pili wa mto, tuliona mwanga ukiwaka na kuzimika ndani ya kitu kama hema kubwa lililolala chini. Kisha tukasikia mngurumo. Mama mchungaji alirudi garini mbio akidhani ni simba, kumbe ni majiko ya gesi yanayopasha hewa joto. Lile hema likajaa, likasimama, likawa refu kupita mti wowote. Halafu likaacha ardhi. Halikuruka kama ndege, kwa kishindo; liliinuka kama mvuke wa chungu. Likafuata la pili, na la tatu. Likaja moja upande wetu likiwa chini sana juu ya migunga, tukaona nyuso za watu ndani ya tenga, nao wakatupungia mikono. Jiko liliponyamaza palikuwa kimya kabisa, tukasikia hata mtoto akicheka huko juu. Nasi tulipunga vitenge mpaka likatupita. Kati yetu kuna waliolia, na hatuoni aibu kulisema.

Maputo yamekuwa yakirushwa Seronera tangu mwaka 1989. Nauli ya mtu mmoja ni zaidi ya dola 500 za Kimarekani, kwa hiyo tuliamua tangu nyumbani kwamba sisi tutakuwa watazamaji wa chini. Lakini tulikuwa na bahati. Miongoni mwa vijana wanaofanya kazi ya maputo yupo mmoja ambaye mama yake tunasali naye. Mchana alikuja kutuamkia. "Shikamooni mama zangu," akasema, akaketi chini kwenye mkeka, na tukamwuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Alitueleza kwamba wao huamka saa tisa au kumi usiku. Kabla ya yote huachia kibaluni kidogo chenye taa wakitazame kinapelekwa wapi na upepo. Upepo ukiwa mkali hakuna kupaa, hata kama mgeni ametoka Marekani kwa ajili ya asubuhi hiyo moja. Rubani wa puto hana usukani. Kazi yake ni kupanda na kushuka, akitafuta upepo unaokwenda anakotaka, kwa maana upepo wa chini na ule wa juu mara nyingi haviendi upande mmoja. Safari huchukua saa moja hivi. Tenga kubwa limegawanywa vyumba vidogo, huchukua abiria hadi 16, nao huingia wakiwa wamelala chali, kwa sababu tenga huanza likiwa limelazwa ubavu. Wakishatua hunywa mvinyo wa Kifaransa chini ya mti. Hapo mama mchungaji aliguna, kijana akacheka na kusema kwamba yeye hunywa soda.

Tukauliza, je, mtu anakuwaje rubani? Akasema huanzi na puto hili kubwa. Mwanafunzi huanza na dogo la watu wachache, akiwa na mwalimu pembeni. Hupewa leseni ya ukubwa ule, kisha huongezewa kidogo kidogo. Mwenye haraka harudishwi na mtu, hurudishwa na upepo.

Kisha akatuambia jambo lililotunyamazisha. Juu kabisa ya puto kuna tundu kubwa la duara, na tundu hilo limezibwa na kitambaa cha duara kinachoshikiliwa na msukumo wa hewa moto. Rubani akivuta kamba, kitambaa kinashuka, hewa inatoka, puto linateremka. Wenyewe hukiita mwavuli. Tukatazamana. Kumbe mwenzetu angepata vyote viwili kwa nauli moja.

Na kwa kweli mwavuli ni mtoto wa puto. Watu wa kwanza kusafiri kwa puto lisilofungwa kamba walipaa Paris, Ufaransa, mwezi Novemba 1783. Mwaka 1797, katika mji huo huo, André-Jacques Garnerin alijirusha kutoka kwenye puto kwa mwavuli wa kitambaa akashuka salama. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1799, Jeanne Labrosse, ambaye baadaye alikuwa mke wake, akawa mwanamke wa kwanza kuruka kwa mwavuli. Mwaka 1799, akina mama! Bibi wa bibi zetu walikuwa hawajazaliwa. Si wote waliomaliza vizuri. Sophie Blanchard, Mfaransa mwingine aliyekuwa hodari wa maputo, alikufa mwaka 1819 puto lake liliposhika moto kutokana na fataki alizokuwa akizirusha mwenyewe ili kuwafurahisha watu.

Siku hizi kuruka kwa mwavuli ni mchezo wenye vyama na shule duniani kote, na hata jirani zetu wa Kenya wamekuwa nao kule Diani, wakiruka juu ya bahari. Nao wana ngazi zao. Mwanafunzi hupewa mwavuli mpana, zaidi ya futi za mraba 200, unaomshusha taratibu. Kule Marekani leseni ya kwanza inataka awe ameruka mara 25, na ile ya juu kabisa mara 500. Kadiri anavyozoea ndivyo anavyoruhusiwa kushika mwavuli mdogo zaidi, na mwavuli mdogo una kasi na hausamehi kosa la mkono. Sisi tulidhani watu hufa kwa sababu mwavuli umekataa kufunguka. Hilo hutokea, Septemba 2019 mgeni kutoka Kanada alifariki Kilimanjaro kwa namna hiyo. Lakini katika mchezo huo sehemu kubwa ya vifo humpata mtu ambaye mwavuli wake umefunguka vizuri, hauna kasoro, ila umemzidi uwezo, naye akakata kona kali karibu na ardhi. Wauguzi tulielewa mara moja. Vijana wa bodaboda tunaowapokea Tarime usiku, wengi pikipiki zao si mbovu. Ni mpya.

Jambo jingine la warukaji ni ukaguzi. Mwavuli wa akiba hufungwa na fundi mwenye leseni, na kabla ya kupanda ndege mrukaji hukagua mikanda yake, kisha mwenzake humkagua tena, hasa mgongoni. Tulipomweleza kijana wetu, alisema kwenye maputo nako ni hivyo: kamba aliyofunga huyu huvutwa na yule. "Si kwamba hatuaminiani, mama," alisema. "Mtu haoni mgongo wake mwenyewe."

Tutarudi kwenye neno hilo.

Kufikia saa nne tai mzoga walikuwa wameanza kupaa. Hao nao hawana injini. Husubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto ipande, ndipo wafungue mbawa na kuzunguka wakienda juu bila kupiga hata bawa moja. Ndiyo maana maputo hutua mapema, kabla hewa hiyo haijaanza kusukumana. Na ni tai mzoga aliyemwangusha Michael Grzimek. Kijana huyo wa Kijerumani alikuja Serengeti na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt. Walikuja kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia, wakawahesabu wanyama kutoka angani, wakapata kama 367,000. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake katika ndege hiyo alipogongana na tai mzoga. Bawa liliharibika, ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24, ameacha mke kijana. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliimaliza filamu waliyoianza pamoja, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Alipofariki mwaka 1987, Profesa akaletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Tulikaa tukiwaza juu ya baba yule, kuimaliza kazi huku akiona sura ya mtoto kila siku kwenye picha. Jioni tulisoma Isaya sura ya 40, mahali panapotajwa tai, tukaimba nyimbo mbili alizozipenda mwenzetu. Baada ya kuimba mmoja wetu akasema yale ambayo hatukuwa tumeyasema msibani.

Mwenzetu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapima akina mama wa vijijini kwa siki. Ni kipimo cha dakika chache: sehemu yenye dalili hubadilika rangi ikawa nyeupe, na ikigunduliwa mapema hutibiwa kabla haijawa saratani. Aliwapima mamia. Aliwafuata sokoni, aliwabembeleza, aliwakaripia waliochelewa. Alipoanza kutokwa damu alisema ni ukomo wa hedhi, nasi tukakubali, kwa sababu yeye ndiye mjuzi. Alipofikishwa Bugando ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Katika miaka yote tuliyofanya naye kazi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Dada, na wewe lala hapo nikupime." Tulimheshimu mno. Tena wengi wetu hatukuwa tumepimwa vilevile.

Hatukulaumiana usiku ule. Tulihesabu tu, kwa kunyosha mikono, nani amepimwa katika miaka mitatu iliyopita. Mikono ilikuwa minne kati ya 14.

Asubuhi tuliondoka mapema ili tuwahi Jumapili nyumbani. Karibu na lango tuliona puto moja mbali nyuma yetu, dogo kama punje ya ulezi, na dereva alisimamisha gari bila kuombwa.

Jumanne iliyofuata wale kumi tulikwenda kliniki pamoja, tukapimana sisi kwa sisi. Tisa hatukuonekana na dalili. Mmoja wetu ameambiwa arudi wiki ijayo kwa matibabu, na Coaster imekwisha kukodiwa, maana tunakwenda wote.