Kioo cha Shangazi

Mezani petu pana kioo cha mviringo, kizito, cha kuzuilia karatasi zisipeperushwe na upepo. Shangazi yetu alipewa na bibi mmoja wa Kiingereza aliyemtumikia miaka mingi, naye alipofariki kikatufikia sisi. Ukikitazama kwa juu waona maua madogo mengi, yamepangwa duara ndani ya duara, na kati yake tarakimu za mwaka 1848.

Mwaka jana, karo ya mtoto ilipotushinda, tulisikia ya kuwa vioo vya namna hii huuzwa kwa bei kubwa. Ni kweli: mwaka 1990 kimoja cha Clichy kiliuzwa kwa dola zaidi ya 250,000. Tangu siku ile usingizi ukatuhama.

Lakini tulitaka kwanza kujua tulicho nacho, basi tukasoma. Maua yale hayakuchorwa. Fundi huunganisha vioo vya rangi katika fimbo moja nene, huivuta ingali moto hata ikawa nyembamba kama kalamu, kisha huikata vipande. Na kila kipande chaonyesha ua lile lile, kama muwa ukatwavyo. Vipande hupangwa, vikafunikwa kwa kioo safi kilichoyeyuka. Waitalia huiita kazi hii millefiori, yaani maua elfu. Ni kazi ya mafundi wa Venice, mji ule ule ambao shanga zake zilipita Unguja kwenda bara katika karne ya 19. Mwaka 1845 Pietro Bigaglia wa Venice alionyesha vioo vyake mjini Vienna, na miaka ile ile Wafaransa wakaishika kazi, wakawapita wenyewe.

Vitafutwavyo sana ni vya Ufaransa vya miaka 1845 hata 1860 hivi, vya viwanda vitatu: Baccarat, Saint-Louis na Clichy. Penye mwaka, Baccarat walitia herufi B, na Saint-Louis SL. Clichy hawakutia mwaka, bali mara nyingi utaona waridi dogo, majani yake yamebanana kama kabichi iliyokatwa.

Chetu hakikuwa na herufi wala waridi. Tukakipindua, kwa maana wajuzi hutazama kitako. Kitu kilichokaa mezani zaidi ya miaka mia huwa na mikwaruzo midogo, mmoja huku na mmoja kule; ikienda yote upande mmoja, ni msasa wa mlaghai. Yetu ilikuwa ya haki, lakini michache mno. Tena tulisoma ya kuwa wako mafundi wa Uingereza wa karne ya 20 waliotia mwaka 1848 katika kazi zao, na picha za kazi hizo zilifanana na chetu kama pacha.

Siku mbili baadaye akaja mnunuzi. Aliusoma ule mwaka, mikono ikamtetemeka, akataja fedha zilizotosha karo ya miaka miwili. Hakukipindua. Tulitazamana, mke na mume, wala hatukusema neno kwa muda. Twakiri ya kuwa kimya kile kilikuwa kirefu kuliko ilivyopasa. Ndipo mama wa nyumba akakichukua, akakipindua mbele yake, akasema, “Bwana, tazama hapa kwanza. Sisi twadhani si cha Ufaransa.” Akakitazama sana, akashukuru, akataja bei nyingine, ndogo kama ya kuku watatu. Tukakataa.

Ninyi mlio na kioo cha namna hii, msikiweke dirishani. Hukusanya jua mahali pamoja, nacho kimekwisha kutuunguzia kitambaa cha meza. Wala msikipeleke kwa fundi kusuguliwa kwa sababu ya mkwaruzo mdogo, maana kisuguliwapo sana sura ya maua huharibika na bei hushuka.

Karo tulilipa kidogo kidogo, hata tukaimaliza mwezi wa Novemba. Kioo kingali mezani, juu ya stakabadhi zake.