Kovu la moto na milima ya Suji

Kutoka Makanya, kwenye barabara kuu ya Same kwenda Korogwe, njia ya Suji ni kupanda tu. Huku Upareni, shuleni, shambani na sokoni ni kilima juu ya kilima, kwa hiyo goti lisilonyooka si jambo dogo.

Nyumba nyingi bado zinapikia mafiga matatu, na chungu cha makande hukaa motoni saa nyingi, chini kabisa, usawa wa mtoto anayejifunza kutembea. Akiungua, wazazi hushukuru kidonda kikifunga. Kumbe kazi ndiyo inaanza. Kovu huendelea kukaza kwa miezi mingi, na likipita juu ya kiungo hukivuta polepole mpaka kinajikunja. Likikomaa hivyo, mara nyingi dawa ni upasuaji, yaani safari ya KCMC, Moshi.

Wengine huulizia akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina zinazochomwa kandokando ya kovu. Wapo wanaosema maumivu hupungua na kiungo hulegea, ila ushahidi wake bado ni mdogo. Anayechoma awe amesomea, sindano iwe mpya, na kidonda kiwe kimepona kabisa.

La uhakika zaidi halina gharama kubwa: kulikanda kovu lililofunga kwa mafuta mara kadhaa kwa siku, na kunyoosha kiungo taratibu kila siku, hata mtoto akinung'unika. Mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe mama kwanza. Halafu mtoto apande mlima na wenzake. Bibi asimbebe kwa huruma.