Uhuru Iliyorushwa Malindi

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, kilirushwa chombo cha angani kutoka jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Roketi ilikuwa ya Waamerika, na chombo chenyewe, kwa heshima ya siku ile, kikaitwa Uhuru. Kilifanya kazi hata Machi 1973. Twawaletea khabari hii, ndugu wasomaji, kwa kuwa vijana wengi wanaosoma kwetu hapa Matombo hawajapata kuisikia, wala wazee wao.

Mzee mmoja alitujia akitaka tumsaidie kumwondoa binti yake, aingiaye kidato cha tatu, katika masomo ya fizikia. Alisema, "Maalim, mambo ya nyota ni ya Wazungu. Mwanangu atapata nini humo?" Mzazi ana haki ya kuuliza faida. Basi tulimkaribisha mkekani, tukamweleza.

Uhuru ilitazama miali ya eksirei itokayo mbinguni, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike ardhini. Ikaonyesha ajabu. Galaksi, yaani makao ya nyota mabilioni mfano wa haya yetu, nyingine hukaa makundi ya mamia na maelfu. Na baina yao, palipodhaniwa patupu, mna gesi yenye joto la digrii mamilioni, ambayo uzito wake wazipita nyota zote za kundi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa tazameni ujirani unavyofanya kazi. Katika kiini cha galaksi kubwa mna shimo jeusi, zito kama majua mamilioni au mabilioni. Likipata gesi ya kumeza, gesi ile huzunguka kwa kasi kabla ya kuzama, ikapata moto, kiini kikaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Lisipopata, hunyamaza. Galaksi iingiayo katika kundi kubwa huvuliwa gesi yake na ile gesi ya moto, kama abiria wa lori avuliwavyo kofia na upepo. Kwa hiyo viini ving'aavyo sana ni haba zaidi humo kuliko nje. Walakini galaksi kubwa ya katikati huwa kinyume: gesi ya kundi hupoa na kuiteremkia, shimo likala, kisha likatoa mikondo ya nguvu inayoipasha moto gesi ile ile isizidi kupoa. Mlaji humzuia mpishi! Mwaka 2003 wataalamu wa chombo Chandra walitangaza kuwa wameona mawimbi ya sauti katika gesi ya kundi la Perseus, yakitoka kiini cha galaksi NGC 1275. Ni sauti nzito mno, haisikiki kwa sikio la mwanadamu.

Mzee akauliza Waislamu wamo wapi. Tukamtajia Abdulrahman As-Sufi, aliyeandika kitabu cha nyota zapata mwaka 964. Alifikiri kitambo, akasema atampa binti mwaka mmoja. Si mwingi, lakini umepatikana.

Disemba, mvua za vuli zikiacha mwanya, kabiline kaskazini yapata saa nne na nusu usiku. Iko nyota iitwayo Algol. Jina lake ni la Kiarabu, Raasul-Ghul. Nyosheni mkono: upana wa kidole gumba kuume kwake ndipo lilipo kundi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru zapata milioni 240, wala jicho tupu halilioni.