Deni Dogo Nalo ni Deni

Vijana wengi wanapoanza kushika fedha zao wenyewe, kitu cha kwanza kuwaponyoka ni hesabu. Fedha zikipungua mkononi mtu huona. Lakini deni la shilingi 3,000 hapa na 8,000 pale halionekani. Limetawanyika mtaani, kila mtu ameshika kipande chake, na anayedaiwa ndiye peke yake asiyejua jumla. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba deni bila daftari nalo hukua bila habari.

Jambo hili nimelishuhudia nyumbani kwangu, hapa Busisi, kwa mtoto wa marehemu dada yangu, binti wa miaka 22 ambaye mimi na mume wangu tumemlea. Amenipa ruhusa ya kuandika haya mradi nisimtaje jina, kwa kuwa anaamini yatamfaa kijana mwingine aliye katika shida kama aliyopitia yeye.

Wanaoifahamu Busisi ya zamani wanaikumbuka foleni ya kivuko. Magari kutoka Sengerema, Geita na hata Bukoba yalisubiri hapa kuvuka kwenda Kigongo, wakati mwingine kwa saa mbili na zaidi. Abiria mwenye njaa aliyechoka kukaa juani habishani sana bei. Binti yetu alipomaliza kidato cha nne aliuza hapo sato wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na maji. Kila jioni alirudi na fedha, na kesho yake foleni ilikuwapo tena. Alikopa leo akalipa kesho, wala hakuona haja ya kuandika.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Jiwe lake la msingi lilikuwa limewekwa Desemba 2019. Mgonjwa anayepelekwa Mwanza usiku sasa anavuka kwa dakika chache, na sote tunashukuru. Lakini foleni ilipokwisha, soko lake nalo lilikwisha. Gari linapita, halisimami. Binti yetu akahamia biashara ya dagaa. Hununua mwaloni, huwaanika, kisha huwapeleka Sengerema au huvuka daraja hadi Mwaloni Kirumba jijini Mwanza.

Sasa, wasomaji wa mbali na ziwa huenda hawajui kwamba dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza, kwa sababu dagaa huifuata taa. Mbalamwezi inapong'aa taa hazina nguvu, na wavuvi wengi huvuta mitumbwi nchi kavu kwa siku kadhaa. Huku kwetu basi, fedha hazina mwisho wa mwezi kama za mwalimu au karani. Zina giza na mbalamwezi. Wakati wa giza kila mtu anacheka, na wakati wa mbalamwezi kila mtu anakopa dukani akisema, "Giza likiingia nitakulipa." Kijana aliyezoea fedha ya kila jioni alijikuta katika maisha ambayo wiki nzima na zaidi hakuna kinachoingia. Matumizi yake hayakubadilika, ila sasa yaliendeshwa kwa kukopa.

Na siku hizi kukopa hakuhitaji hata kumwamkia mtu. Huduma za kutuma fedha kwa simu ziliingia nchini mwetu mwaka 2008, na ilipofika mwaka 2014 simu hiyohiyo ilikuwa imeanza kukopesha. Zamani, ili ukope ilikubidi uende kwa jirani, useme shikamoo, ueleze shida yako na uone uso wake. Aibu ile ilikuwa breki. Simu haina uso. Usiku wa manane, kijana akiwa amelala chali kitandani, anaweza kukopa mara tatu na nyumba nzima isijue.

Sisi tulijua kwa njia mbaya. Siku moja niliingiwa na ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu. Ulimtaja binti yetu kwa majina yake matatu, ukamwita tapeli, ukanitaka nimwambie alipe. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya alipata ujumbe huohuo. Kumbe programu ya mikopo aliyoiweka katika simu yake ilikuwa imemwomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi, naye alikubali bila kusoma.

Jioni ile sikumgombeza. Mtu aliyekwisha kuaibishwa mbele ya watu hahitaji aibu nyingine nyumbani. Nilimuuliza jambo moja tu, "Unadaiwa kiasi gani?"

Akainama. "Kama elfu themanini hivi, mama mdogo."

Nikampa daftari la mtoto wa shule na kalamu. Nikamwambia aandike kila anayemdai, hata wa shilingi 500, na nisingeangalia mpaka amalize. Ilimchukua karibu saa nzima. Orodha yake ilikuwa hivi: duka la mtaani, sabuni, sukari na mafuta, 23,500, muuza vitenge 20,000, msusi 8,000, rafiki yake 15,000, zamu mbili za mchezo wa kupeana fedha 20,000, mkopo wa simu wa kujazia salio lisipotosha, unaotozwa ada kila siku, 31,000, muda wa maongezi wa kukopa 2,500, na ile programu, 100,000. Jumla, shilingi 220,000. Alijumlisha mara tatu akidhani amekosea.

Deni la programu ndilo lililotufundisha zaidi. Katika ile 100,000, yeye alipokea 76,000 tu. Nyingine, 24,000, ilikatwa palepale kama ada, na muda wa kulipa ulikuwa siku 14. Kwa watoa mikopo midogo wenye leseni ya daraja la pili, Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 76,000 hiyo ni shilingi 2,660 kwa mwezi mzima. Yeye alitozwa mara tisa ya hapo kwa nusu ya muda. Mambo haya yameumiza wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya simu bila leseni. Kabla kijana hajabonyeza "kubali", na aulize kwanza kama mkopeshaji huyo ana leseni ya Benki Kuu.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa bado halijasemwa. Binti alikuwa amekwisha kuzungumza na mkopeshaji mmoja wa mjini, wa ile mikopo ambayo watu wameiita kausha damu. Angempa fedha za kulipa madeni yote siku moja, na dhamana ingekuwa cherehani aliyoachiwa na mama yake. Dada yangu alishona kwa cherehani ile miaka mingi, na ndiyo iliyomsomesha binti huyu. Laiti ujumbe ule ungechelewa wiki moja, cherehani ingekuwa imetoka nyumbani.

Wazazi mtaniuliza, kwa nini tusilipe sisi tukamaliza? Mimi na mume wangu tulilizungumza usiku huo. Akiba yetu ya kikundi ingetosha. Lakini tuliona kwamba tukilipa tutakuwa tumemwaga maji yaliyojaa mtumbwini huku tundu likiwa palepale. Tulimwambia tutakuwa pamoja naye, chakula na malazi hatakosa, ila deni atalilipa mwenyewe. Na kwa habari ya cherehani tulisema hapana. Kukopa ili ulipe deni ni kubadilisha jina la anayekudai tu, na mara nyingi jina jipya ni kali kuliko la zamani.

Basi tukayapanga madeni. Kwanza yale yanayokua kila siku yenyewe. Pili, ya watu ambao wakikosa hiyo fedha wanaumia: msusi anayelisha watoto kwa vidole vyake, rafiki, na wenzake wa mchezo, maana ukichelewesha zamu yako unamla mwenzako aliye mbele. Mwisho, wale wanaoweza kusubiri wakiambiwa ukweli, yaani duka na muuza vitenge.

Kwa ile programu alifanya uamuzi ambao sisi hatukumshauri. Aliuza simu yake kubwa kwa 130,000, akanunua kitochi cha 30,000, na ile 100,000 iliyobaki akaimaliza programu siku hiyohiyo. Haikuwa rahisi. Vijana wenzake walimcheka. Lakini mlango alioingilia mkopeshaji ulifungwa, na usiku alilala.

Kisha akaenda kwa wanaomdai, mmoja mmoja, kabla hawajamwita. Hili ni gumu kuliko kulipa kwenyewe. Mwenye duka, mzee wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Binti yangu, deni halikunisumbua. Kilichonisumbua ni wewe kupita njia ya nyuma." Anayedaiwa akijificha hupoteza kitu chenye thamani kuliko fedha, nacho ni jina lake. Akija mwenyewe na siku ya kulipa, hata kama fedha bado, jina lake limeanza kurudi.

Zilibaki 120,000. Aligundua kwamba katika giza moja hupata siku 18 hivi za biashara, na faida yake kwa siku ni kama 9,000, mtaji ukiwa pembeni. Akaigawa hivi kila jioni, kabla ya kula hata senti: 3,000 ya deni, 2,000 ya siku za mbalamwezi, 3,000 ya mchango wa nyumbani na nauli, na 1,000 yake mwenyewe, ya soda au ya kusuka, asiulizwe. Mafungu yale ya kwanza mawili aliyafunga katika kopo tupu la maziwa lililotobolewa, likakaa kwangu. Ile 2,000 kwa siku 18 ni 36,000. Mbalamwezi ilipokuja alikuwa na shilingi 3,000 na zaidi kwa kila siku ya kukaa bure, wala hakwenda dukani kukopa. Hilo ndilo lililoziba tundu.

Fungu lile la 1,000 wengine wataliona la anasa. Mimi naliona la lazima. Kijana anayenyimwa kila kitu huvunja kopo. Anayejua kwamba hii ni yake, huheshimu ile isiyo yake.

Kwa hesabu ya karatasi deni lingekwisha giza la tatu likiwa na siku nne tu. Maisha hayakufuata karatasi. Katika giza la pili upepo ulichafua ziwa siku kadhaa, tena akaugua malaria. Ikaja na kadi ya mchango wa harusi ya rafiki yake. Zamani angeahidi 50,000 ili asionekane mnyonge, kisha akakopa. Safari hii aliahidi 10,000, akatoa 10,000, na siku ya harusi akaenda kusaidia kupika. Ahadi ya mchango nayo ni deni, ndugu msomaji, ingawa wengi hatuiandiki daftarini. Deni lake lilikwisha giza la nne lilipoingia. Alichelewa, lakini alimaliza.

Leo ameingia katika kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, VICOBA, mtindo wenye asili yake kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Vikundi vya namna hii hapa kwetu vimewekwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Huko anaweka kwanza, ndipo anakopa, na anakopa mbele ya macho ya watu wanaomjua. Ile breki ya zamani imerudi.

Kwenu vijana nasema, andikeni. Daftari la shilingi mia chache laweza kukuokolea cherehani. Andika unachodaiwa kabla ya kuandika unachotamani, na uyapange matumizi kwa kufuata namna fedha zako zinavyoingia, iwe kwa mshahara, kwa mavuno au kwa mwezi wa angani. Unapokopa, kopa kwa mtu au kikundi ambacho unaweza kukitazama usoni.

Nasi wazazi tusingoje ujumbe wa mtu tusiyemjua ndipo tuzungumze na watoto wetu habari za fedha. Tunawafundisha kupika, kufua na kusalimia wakubwa, halafu tunawaacha wajifunze fedha kwa wakopeshaji. Mwite kijana wako, kaeni mezani au jamvini, umwulize kwa upole anadaiwa na nani. Akisema hadaiwi, mpe daftari hata hivyo. Na akianza kuandika, nyamaza mpaka amalize.