Kamba ya Nyarugusu

Wengi wakisikia jina la Nyarugusu hufikiria kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Nyarugusu ninayoizungumzia ni nyingine, ya dhahabu, kusini mwa mji wa Geita, ambako mngurumo wa makarasha humpokea mgeni kabla hajashuka garini.

Nilikwenda huko na mwanangu kwa sababu ya ubishi wa nyumbani. Kijana huyu anadunduliza fedha ili afike Diani, pwani ya Kenya, akaruke na mwavuli kutoka ndegeni. Mama yake hataki hata kusikia. Shemeji yangu, aliyezeekea katika maduara ya Nyarugusu, akatuletea salamu: "Kwanza mleteni kwangu."

Kijana alikuwa amejisomea vya kutosha, akamweleza mjomba wake bila kusita. Anayeanza haruki peke yake. Mgongo wake hufungwa kwa mikanda kwenye kifua cha mwalimu. Huachia ndege kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, wakaanguka kwa takriban nusu dakika, kwa kasi inayokaribia kilometa 200 kwa saa, ndipo mwavuli ufunguke. Ukikataa, upo wa akiba, na kipo kifaa kidogo cha kuufungua wenyewe mtu akichelewa. Atakaye kuruka peke yake hurudi darasani kwanza, ajifunze kupinda mgongo hewani, kusoma saa ya kupimia kimo, na kubana miguu pamoja wakati wa kutua.

Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akatuongoza hadi kwenye duara. Mdomo wake ulikuwa mwembamba, kuta zimeshikiliwa kwa matimba. Kina chake, alisema, ni mita 40. Mchimbaji mgeni naye hafundishwi kuchimba kwanza, hufundishwa kushuka: mguu katika kitanzi, kamba kifuani, macho ukutani. Juu watu wawili huzungusha winchi. Nilipiga hesabu kimoyomoyo. Akiponyoka, mtu atafika chini kabla ya sekunde tatu, kwa kasi ya kilometa 100 kwa saa.

"Kamba ya akiba iko wapi, mjomba?"

"Ya akiba ni nunua," shemeji alijibu, akacheka peke yake.

Na ukanda huu hauogopi kuanguka tu. Mwaka 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, kifusi kiliwafukia wachimbaji, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwenyeji yeyote atakusimulia habari hiyo bila kuulizwa.

Kijana aliomba kushuka. Mjomba wake alikataa, akampa kazi nyingine: aipitishe kamba yote viganjani mwake, shubiri kwa shubiri, toka mwanzo hadi mwisho. Ilichukua muda mrefu, juani, wachimbaji wakisubiri wamekaa juu ya viroba. Karibu na mwisho vidole vyake vilisimama. Nyuzi zilikuwa zimelika. Walikata kipande kile, wakafunga upya, wakaivuta watu wanne. Ndipo wa kwanza akatia mguu kitanzini.

Tuliporudi, mama yake alimwuliza kama ameliacha wazo la Diani.

"Sijaliacha, mama. Ila kabla sijapanda ndege nataka kumwona anayekunja mwavuli."