Mtoto wetu na meza ya biliari



Juma hili hatuandiki juu ya sabuni wala juu ya deni la likirimba, ingawa deni lipo na wenyewe wanajijua. Tunaandika juu ya jambo lililotugombanisha wiki tatu, mpaka wengine wetu wakaacha kuketi kwenye benchi moja.

Mmoja wetu ana binti wa miaka 15. Walikimbia usiku kutoka upande wa Beni, yeye na mama yake na wadogo wawili, na sasa wanapanga chumba kimoja hapa Butembo. Walikimbia nini, hatuna haja ya kueleza. Hakuna msomaji wa gazeti hili asiyejua. Asubuhi binti anakwenda masomoni, minervali ikiwa imelipwa. Mchana anabeba sinia la karanga na mayai ya kuchemsha. Na wanunuzi wa karanga wako wapi? Wako kwenye nganda. Mbele ya nganda, chini ya mabati, kuna meza ya biliari.

Habari ilitufikia kama habari zote zinavyotufikia, yaani imeongezwa chumvi. Tuliambiwa mtoto anacheza na wanaume, anashika fimbo kama wao, sinia la karanga amelipa mtoto mwingine alishike. Mkutano wa Alhamisi uliisha vibaya. Tulimwambia mama yake maneno ambayo leo tunaona haya kuyaandika. Yeye hakujibu. Alifunga kikwembe chake vizuri, akachukua mfuko wake, akaondoka.

Jumamosi tukatuma watu wanne kwenda kuona kwa macho. Hawakwenda kupeleleza, walisema, walikwenda kununua karanga.

Waliyoyaona walitusimulia hivi. Mtoto alikuwa amesimama kando ya meza, kimya, wakati vijana wawili wanabishana. Zamu yake ilipofika hakukimbilia mpira ulio karibu. Alizunguka meza mara moja, akainama, akatazama kwa chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kisha akapiga polepole. Mpira mweupe ukagonga ukingo, ukarudi, ukasukuma mwingine ndani ya shimo la kona, halafu wenyewe ukasimama mahali ambapo mpira wa pili ulikuwa tayari unamngojea. Akaingiza huo pia. Akaingiza minne. Mmoja wa wale wamama wanne, ambaye ndiye aliyemkaripia mama mtu kuliko sisi wote, alijikuta amepiga vigelegele. Tunamsamehe.

Lakini waliona na mengine. Waliona chupa za kasiksi na za bia mezani. Waliona mwanaume mmoja, mgeni kidogo mtaani, aliyekuwa anamlipia mtoto jetoni. Na walisikia yale mwanaume huyo aliyomwambia: kwamba Kampala kuna mashindano ya wasichana, kuna pesa, na yeye anaweza kumvusha Kasindi juma lijalo. Karatasi si shida, alisema. Mama yako tutamwambia baadaye.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulibadilika. Mwanzo tulikuwa tunauliza kama biliari ni mchezo wa msichana. Sasa tukaanza kuuliza ni nani wanaosimama kuzunguka ile meza.

Mwalimu aliye kati yetu alichukua wiki moja kutafuta habari, akaja na daftari. Tulicheka alipoanza na Japani. Baadaye hatukucheka.

Alitusomea habari za Masako Katsura, aliyezaliwa mwaka 1913. Baba yake alikufa angali mtoto, akaenda kuishi kwa dada yake. Mume wa dada huyo alikuwa na nyumba ya biliari, na msichana akaanza kufanya kazi humo na kujifunza kupiga. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari bingwa wa wanawake wa Japani. Baada ya vita aliolewa na mwanajeshi wa Marekani, wakahamia kwa mume, na mwaka 1952 mjini San Francisco akawa mwanamke wa kwanza kugombea ubingwa wa dunia wa biliari pamoja na wanaume. Walikuwa wachezaji kumi, yeye akawa wa saba. Wa saba! Wanaume watatu walirudi kwao wakiwa nyuma ya mwanamke, na tunadhani walipata kazi ya kueleza nyumbani.

Kisha Jean Balukas, mtoto wa Brooklyn huko New York. Familia yake ilikuwa na ukumbi wa biliari. Mwaka 1969, akiwa na miaka 9 tu, aliingia mashindano makubwa ya Marekani ya wanawake, na kuanzia mwaka 1972 akayashinda mara 7 mfululizo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliacha mashindano baada ya mabishano, akarudi kwenye ukumbi wa familia yake. Siku hizi, mwalimu alisema, wako wasichana kama Kristina Tkach wa Urusi, aliyechukua ubingwa wa Ulaya zaidi ya mara moja, na Chezka Centeno wa Ufilipino, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2023. Kwa hiyo kusema kwamba mkono wa mwanamke hauwezi fimbo ile ni maneno ya mtu ambaye hajatazama.

Mama mmoja akanyanyua mkono. Akasema: sawa, Katsura alikuwa kwa shemeji yake, na huyu wa pili alikuwa kwa baba yake. Mtoto wetu yuko kwa nani pale? Pale yuko kwa mwenye bia.

Tulinyamaza, maana alisema kweli. Wasichana wale wawili hawakukutana na mchezo barabarani. Kulikuwa na mtu wa nyumbani mwenye ufunguo wa mlango, anayejua saa ya kufunga, na anayeweza kumwambia mteja atoke.

Basi mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho, na huo haukuwa wa mbali. Wengi wetu tumepita Kasindi na Mpondwe tukienda Kampala kununua bidhaa, na tumepita Katwe bila kujua kitu. Huko Katwe ndiko alikokulia Phiona Mutesi. Mchezo wake si biliari, ni sataranji, ule ambao watoto wetu wa masomo wanaita eshek. Lakini sikilizeni mama yake alikuwa nani. Alikuwa mjane, jina lake Harriet Nakku, akiuza vyakula sokoni ili watoto wale. Baba alikufa kwa UKIMWI Phiona akiwa na miaka kama 3. Mtoto mkubwa wa kike naye akafariki. Phiona aliacha masomo kwa sababu ada haikupatikana. Kati yetu nani hajui nyumba ya namna hiyo? Wengine tunaishi ndani yake.

Mwaka 2005 alimfuata kaka yake mahali ambapo kijana mmoja, Robert Katende, alikuwa anafundisha watoto wa mtaa mchezo ule. Hakufuata mchezo. Alifuata uji, kwa sababu kila mtoto aliyekuja alipewa kikombe. Watoto wengine walimcheka kwa uchafu wake. Aliyemfundisha vipande vya kwanza alikuwa mtoto wa miaka 4. Katika mchezo ule, askari mdogo wa mstari wa mbele akivuka ubao wote mpaka mwisho anaweza kugeuka malkia, na hilo lilimpendeza sana.

Hapa mwalimu alisoma polepole. Majirani walimwambia Mama Harriet kwamba huo ni mchezo wa wazungu, na kwamba wazungu watamchukua mtoto. Alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mtoto alikuwa anakula pale. Na Katende alijulikana. Alikuja nyumbani, alizungumza na mama, aliwarudisha watoto. Mwaka 2009 aliwapeleka watatu, Phiona mmoja wao, kwenye mashindano ya watoto huko Juba, na wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Urusi, Khanty-Mansiysk, kule Siberia kwenye baridi, kuchezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mwaka 2012 huko Istanbul alijipatia cheo cha kimataifa. Mwaka huohuo kitabu juu yake kikatoka, na mwaka 2016 filamu, ambayo Lupita Nyong'o anacheza kama mama. Baadaye akapata nafasi ya chuo kikuu Marekani.

Hakufika kuwa bingwa wa dunia. Tunaandika hivi kwa sababu baadhi yetu, walipomaliza kusikiliza, walianza kuhesabu pesa za mtoto wetu kana kwamba ziko tayari mfukoni. Alichopata Phiona kwanza ni kikombe cha uji, halafu nafasi ya kurudi masomoni, na mambo mengine yalikuja kwa miaka.

Linganisheni sasa Katende na yule bwana wa jetoni. Wote wawili waliona kipaji cha msichana maskini. Wote wawili walitaja safari. Mmoja alikwenda kwa mama kwanza. Mwingine alisema mama tutamwambia baadaye.

Alhamisi iliyofuata tulifanya mambo mawili kabla ya kufungua likirimba. Kwanza tulimwomba msamaha mama wa mtoto, wote, tukisimama. Alilia kidogo, halafu akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kumuuliza: kwamba alijua. Alijua binti anacheza. Alikuwa anapita nyuma ya ile nganda jioni, upande wa giza, akimtazama, kwa sababu saa ile mtoto akiinama juu ya meza ndiyo saa pekee ambayo uso wake unakuwa kama kabla hawajakimbia. Alishindwa kumkataza. Na alishindwa kuingia, kwa sababu mama akiingia nganda, kesho yake anaitwa jina gani? Sisi ndio tungemwita.

Jambo la pili, tulikwenda kwa mwenye meza. Ni mzee, si mtu mbaya, ana wajukuu. Tulikwenda sita, tukaongea kwa heshima, tukamwita baba. Tuliomba Jumapili, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, kabla wanywaji hawajajaa. Masaa hayo bia isiuzwe chini ya yale mabati, wasichana wacheze, na wamama wawili waketi pale na kazi zao za mkono. Alikuna kichwa. Akauliza nani atalipa jetoni. Tukamwambia tutalipa kutoka sanduku la msaada, nusu ya bei. Akasema robo tatu. Tukakubaliana hapohapo, na mzee akaongeza kwamba chaki ni ya bure.

Kuhusu yule bwana wa Kampala, tulimpelekea habari kwa mkuu wa avenue, na sisi wenyewe tulimtafuta ili tumuulize majina ya hayo mashindano na ya watu wake huko. Hakuwa tayari kutaja hata moja. Tangu siku hiyo haonekani. Wamama wa Beni, hasa mlio karibu na njia ya Kasindi, tunawaomba: akija kwenu mtu anayeahidi binti safari ya mchezo, ya kazi au ya masomo, na hataki kuketi na mama, msingoje mkutano.

Si wote tumekubaliana. Mama mmoja bado anasema tunafundisha watoto njia ya nganda kwa kuwasindikiza, na hatuna jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba mtoto huyu njia hiyo alikwisha kuijua kwa sababu ya karanga. Hilo nalo tumeliona: sasa mama mwingine anamuuzia karanga zake sokoni pamoja na zake, na jioni mtoto yuko nyumbani kabla ya giza. Minervali ya muhula huu imelipwa nusu.

Jumapili iliyopita walikuja wasichana watano. Wawili hawakuweza hata kugusa mpira mweupe, walichoma kile kitambaa cha kijani kidogo na mzee akapiga kelele. Binti yetu aliwaonyesha namna ya kuweka vidole. Mama yake alifika saa tisa, akasimama barabarani kitambo. Kisha akavuka, akaketi kwenye benchi kati ya wale wawili waliokuwa zamu, akatoa kitambaa chake cha kudarizi. Hakudarizi.

Zamu ya Jumapili ijayo bado ina nafasi moja. Anayetaka aandikishe jina kwa mwandishi wa kundi kabla ya Ijumaa, na aje na kiti chake, benchi ni fupi.