Wanawake wa Alhamisi

Baba alifariki mwaka 1986, mama akamfuata mwaka uliofuata. Kwetu ni Muleba, mkoani Kagera, upande wa Hospitali ya Ndolage, ambako mwaka 1983 waligunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Jina hilo sisi watoto hatukulijua. Tulisikia "Juliana", jina la nguo zilizoingia kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita ya Idi Amin. Baba alikuwa akizileta, na kijiji hakikuhitaji daktari kukieleza yaliyobaki.

Kwenye maziko ya mama, mhubiri mmoja alisema mshahara wa dhambi tumeuona kwa macho. Nilikuwa darasa la tatu. Juu ya Mungu sikusikia chochote siku ile. Nilisikia mama akitukanwa kabla hajafukiwa.

Ukoo ulikaa, ukamkabidhi baba mdogo kibanja, nasi tukahesabiwa pamoja na migomba. Alinipiga kwa fimbo ya mbuni. Nililala jikoni, nikaachishwa shule msimu wa kahawa, na kikombe changu kilifungwa kitambaa chekundu mkononi kisije kikachanganywa na vya wengine. Fimbo nimezisahau nyingi. Kitambaa kile hata leo naweza kukichora.

Walokole tuliwajua kwa kero zao. Uamsho ulikuwa umefika Bukoba tangu miaka ya 1930, kutoka Gahini kule Rwanda kupitia Uganda, na waliouingia walikataa pombe ya rubisi, wakarudisha madeni ambayo mdai mwenyewe keshayasahau, wakaungama hadharani mambo ambayo wenzao waliyazika. Watu waliwacheka. Lakini mama aliposhindwa kuinuka, waliokuja kumwogesha walikuwa wanawake hao hao, kwa mikono mitupu, na sabuni waliyoichanga wakati dukani haipatikani.

Mmoja wao, mjane tuliyemwita Mama Mkubwa, alimwomba baba mdogo nikamchotee maji kila Alhamisi. Maji ilikuwa hila tu. Alhamisi ndiyo siku ya ushirika nyumbani kwake. Nilipofika alinimiminia uji kikombeni mwake, nikanywa nusu, akakichukua akamalizia. Hakusema neno. Mimi imani yangu naihesabu kuanzia hapo, ingawa wachungaji wangependa nitaje siku niliyonyoosha mkono.

Pale kwake watu walisimama kwa zamu na kusema ya moyoni. Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi na miwili, nami nikasimama nikasema namchukia baba mdogo, naomba afe. Nilingoja karipio. Wakaimba "Tukutendereza" kama walivyomwimbia kila aliyeungama, kisha akasimama mwingine, akaeleza ugomvi wake na jirani juu ya mpaka.

Hakuna aliyeniambia nisamehe. Tangu hapo nimewasikia wahubiri wengi wakimhimiza mtoto aliyeumizwa asamehe kabla hata kidonda hakijaoshwa, na nadhani wanawaharakisha watoto ili wao wenyewe wapumue. Wanawake wale waliniacha nirudi na chuki yangu ile ile, Alhamisi baada ya Alhamisi, mbele ya Mungu yule yule. Nilirudi nayo miaka. Kuna siku nilisimama, nikaitafuta ya kusema, nikakuta nina jambo jingine: nataka kurudi shule. Wakachanga ada.

Mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, tayari nilikuwa mwalimu mwenye watoto wangu. Mama Mkubwa hakuishi kuziona.

Baba mdogo yupo, mzee sana. Namlipia bima ya afya na sukari haimwishii. Nikimtembelea tunaongea habari za kahawa na bei yake. Kulala nyumbani kwake silali, na watoto wangu sijawaachia huko hata usiku mmoja. Mwinjilisti mmoja kijana aliniambia msamaha wa namna hiyo una upungufu. Nikamjibu aje Alhamisi, atupe na ya kwake.